Antena ya nje kwa kamera ya gari: fupisha kebo kwanza

Swali: Kamera yangu ya dashibodi imebandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari. Nikiwa ndani ya gari simu inaipata vizuri. Gari likiegeshwa mita 18 hivi kutoka sebuleni, mtandao wake wa Wi-Fi unaonekana na kupotea, na video ya dakika moja haimaliziki kupakuliwa. Nimeona antena ya dBi 12 (dBi ni kipimo cha uwezo wa antena) yenye kebo ya mita 5. Nikiifungua kamera, nikaiunganisha antena hiyo na kuiweka juu ya paa la gari, itafika? Kamera haina tundu la antena kwa nje.

Jibu: Itafika, ila si kwa antena hiyo, na hasa si kwa kebo ya mita 5. Huenda hata usihitaji kuifungua kamera.

Tuanze na kebo, maana ndiyo inayokula mawimbi kimyakimya. Kebo nyembamba nyeusi zinazokuja na antena za sumaku mara nyingi ni za aina ya RG174. Kwenye GHz 2.4, masafa ya Wi-Fi ya kawaida, kebo hiyo hupoteza takriban dB 2 kwa kila mita (dB, yaani desibeli, hupima nguvu ya mawimbi imepungua au kuongezeka kiasi gani). Mita 5 ni dB 10: kati ya mafungu kumi ya nguvu yaliyotoka kwenye kamera, ni fungu moja tu linalofika juu ya paa, na tisa yameishia kuipasha kebo joto. Mawimbi ya simu yanaporudi nayo yanatozwa ushuru huohuo. Hata kama antena ingekuwa na dBi 12 kwelikweli, ungebakiwa na 2.

Na hizo dBi 12 zenyewe zitilie shaka. Antena ya kurusha pande zote yenye dBi 12 za kweli kwenye GHz 2.4 ni fimbo inayozidi urefu wa mita moja. Kijiti cha sentimita 20 kikitengenezwa vizuri kina dBi 5 hivi, hata kiandikwe nini. Zaidi ya hapo, antena haitengenezi nguvu mpya. Inakusanya ileile iliyopo na kuibana iwe kama sahani bapa kuizunguka fimbo. Kadiri dBi zinavyopanda ndivyo sahani inavyokuwa nyembamba, kwa hiyo aliye ghorofa ya tatu akilitazama gari lililo chini yake yuko nje ya sahani kabisa. Kwa gari, antena ya dBi 2 hadi 5 ndiyo inayofaa.

Sasa fanya hesabu ambayo muuza antena hatakufanyia. Mawimbi ya GHz 2.4 yakisafiri mita 18 mahali pa wazi hupungua kwa dB 65 hivi. Chukua kamera inayorusha dBm 15 (dBm hupima nguvu yenyewe ya mawimbi). Antena yake ndogo ya ndani ipe dBi -2, na ya simu ipe dBi -3. Simu ingepaswa kupokea karibu dBm -55, na hapo video inashuka bila kusuasua. Kama sebuleni simu yako inasoma -80, basi dB 25 hazikupotelea kwenye umbali. Zimeliwa na vitu vilivyo njiani: kioo chenye utando wa chuma, bodi ya gari, ukuta wa zege, nondo za dirisha, pengine hata mwili wako uliosimama katikati. Ndiyo maana mahali antena inapokaa pana uzito kuliko idadi ya dBi zake.

Kabla ya kushika bisibisi, pima. Weka kwenye simu ya Android programu inayoonyesha nguvu ya Wi-Fi kwa dBm. Kwenye iPhone programu za kawaida haziruhusiwi kusoma kipimo hicho, kwa hiyo azima simu nyingine. Namba ni hasi: -60 ni bora kuliko -75. Kwa Wi-Fi ya kizazi cha 802.11n yenye chaneli ya MHz 20, kiwango rasmi kinadai kifaa kiweze kusikia kasi ya juu kabisa mawimbi yakiwa -64, na kasi ya chini kabisa yakiwa -82. Juu ni megabiti 72 kwa sekunde, chini ni 6.5, na kwa vitendo unapata kama nusu ya hizo. Video ya dakika moja iliyorekodiwa kwa megabiti 16 kwa sekunde ni MB 120. Ukiwa karibu, hiyo ni nusu dakika. Ukiwa ukingoni, ni dakika tano hivi, tena ikiwa hakuna kukatika. Kwa hiyo usitazame vile vijistari vya Wi-Fi kwenye skrini. Andika namba, mahali palepale, simu ikishikwa vilevile, na uchukue wastani wa dakika nzima kwa sababu namba hurukaruka dB 5 huku na huku bila sababu yoyote ya maana.

Kipimo chenye faida kuliko vyote ni hiki. Mwombe mtu akae sebuleni na simu. Wewe bandua kamera kwenye kioo huku umeme wake ukiwa umeunganishwa, ishike nje ya dirisha la dereva kwa urefu wa mkono juu ya usawa wa paa, kisha soma namba. Tofauti kati ya namba hiyo na ile ya kamera ikiwa mahali pake ndiyo takriban faida ambayo antena ya paa itakupa, kabla ya kukata gharama ya kebo. Ukipata dB 15 au 20, mshukiwa ni kioo, na antena ya nje italipa. Ukipata dB 3, usihangaike na gari. Kizuizi kipo nyumbani.

Vioo vya mbele vinavyozuia joto la jua hupakwa utando mwembamba wa chuma, na tinti za bei ya chini zenye chuma hufanya kazi ileile ya kuzuia mawimbi. Tinti za seramiki hazina neno. Vioo vingi vya aina hiyo huachiwa kidirisha kisichopakwa, kwa kawaida karibu na kishikio cha kioo cha kutazamia nyuma, mara nyingine kikiwa kimezungukwa na vidoti vyeusi. Kuisogeza kamera sentimita 8 hadi kwenye kidirisha hicho kunaweza kumaliza kesi yote.

Mambo mengine mawili ya kuondoa njiani. La kwanza, simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huiacha na kurukia data ya simu, na mtu hudhani ni umbali. Zima data kabisa unapopakua. La pili, kama kamera ina bendi mbili, iweke kwenye GHz 2.4. GHz 5 ina kasi nzuri ukiwa ndani ya gari, lakini kwa umbali uleule hupungua kwa dB 7 zaidi, bado hujaihesabia kuta.

Sasa suluhisho ambalo wengi wanalipita. Antena hufanya kazi pande mbili sawasawa: inavyokuza mawimbi yanayotoka ndivyo inavyokuza yanayoingia. Kwa hiyo dB ulizotaka kuzipachika kwenye gari unaweza kuzipachika dirishani nyumbani, na kamera ikabaki na waranti yake. Tafuta adapta ya Wi-Fi ya USB yenye tundu la antena, uiunganishe na antena bapa ya kuelekeza upande mmoja, dBi 8 au 9, ikitazama gari. Antena iungwe moja kwa moja kwenye adapta, halafu refusha kwa kebo ya USB hadi kwenye kompyuta: USB 2.0 inakubali mita 5 bila kupoteza data, wakati kebo ya antena ya urefu huo ingekula faida yote. Refusha USB, usirefushe antena.

Ukitaka kutumia simu badala ya kompyuta, weka dirishani ruta ndogo inayoweza kujiunga na mtandao wa kamera kama mteja, kisha ikutawanyie mtandao wake yenyewe ndani. Hapa kuna mtego wa anwani. Kamera nyingi zenye chipu ya kampuni ya Novatek hujipa anwani 192.168.1.254, na ruta nyingi nazo hutumia 192.168.1.1. Mitandao miwili ikiwa na anwani za ukoo mmoja, ruta haitatuma ombi lako nje hata siku moja, na utafikiri kamera imekufa. Badilisha upande wa ndani wa ruta uwe 192.168.50.1. Kamera za chapa ya BlackVue hutumia 10.99.77.1, kwa hiyo hazina ugomvi huo. Programu zingine za simu hutafuta kamera kwa jina la mtandao wake na zitagoma zikiona jina la ruta. Hapo jaribu kufungua anwani ya kamera kwenye kivinjari, kwani kamera nyingi za Novatek huorodhesha faili zake humo.

Kama kipimo cha nje ya dirisha kimekuonyesha kwamba kioo ndicho adui, na bado unataka antena juu ya paa, basi tuifungue.

Chomoa umeme na kadi ya kumbukumbu, subiri dakika kumi. Kamera nyingi zina kapasita kubwa badala ya betri, na zinaweza kubaki na chaji. Zenye betri, chomoa plagi yake kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Skrubu mara nyingi zimejificha chini ya stika au vipira. Ganda lifunguliwe kwa kipande chembamba cha plastiki, si bisibisi, na taratibu, maana utepe wa skrini au wa lenzi unaweza kuwa mfupi kuliko ulivyotarajia. Pipa la lenzi usilizungushe hata kidogo. Limegundishwa kiwandani likiwa na fokasi kamili, na ukilisogeza picha itafifia, ukaanza kutafuta namba za magari usizione.

Tafuta kiboksi cha bati au chipu ndogo ukingoni mwa bodi, sehemu ambayo shaba ya bodi imefutwa. Utakuta moja kati ya hali tatu.

Ya kwanza ni ya bahati: kisahani kidogo cha duara chenye kebo nyembamba iliyobofywa juu yake, inayoelekea kwenye stika ya antena ndani ya ganda. Kama kina upana wa mm 3 hivi ni U.FL, ambacho pia huitwa IPEX. Kama ni mm 2 ni MHF4, na viwili hivyo haviingiliani hata ukivibembeleza. Hakikisha si cha GPS: cha GPS huelekea kwenye kigae cha seramiki cha mraba, na mara nyingi bodi imeandikwa pembeni. Ing'oe kebo ya zamani kwa kuinua wima kutoka chini, weka mpya kwa kubonyeza wima hadi usikie mlio mdogo. Kiunganishi cha U.FL kimekadiriwa kufungwa na kufunguliwa kama mara 30 tu, kwa hiyo usikigeuze kuwa swichi ya majaribio.

Ya pili: kuna nafasi ya kisahani au kisahani chenyewe, lakini njia inaelekezwa kwenye antena ya bodi kwa rezista ya ohm sifuri. Unaihamisha rezista kutoka pedi moja hadi nyingine kwa chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, chini ya kioo cha kukuza. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mchanga mnene, usipige chafya.

Ya tatu ndiyo ya kazi: antena ni kipande cheupe cha seramiki au mstari wa shaba uliochorwa kwenye bodi, bila nafasi ya kitu kingine. Hapo unalehemu kebo moja kwa moja, na hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu huacha antena ya zamani ikiwa imeungwa. Antena mbili zikiunganishwa pamoja, redio (sehemu ya kamera inayorusha na kupokea Wi-Fi), inayotarajia kuona ukinzani wa ohm 50, inaona kitu tofauti kabisa: sehemu ya nguvu inarudi ilikotoka, sehemu inaishia ndani ya ganda, na mtu anasema antena ya nje haina faida. Iondoe ya seramiki kabisa, au kata mstari wa shaba kwa wembe mkali mara tu baada ya vile vidude vidogo vinavyolinganisha antena na redio, ambavyo huwa viwili au vitatu. Ukipima kwa mita kabla ya kukata, mstari wa shaba unaweza kuonyesha umeungana na ardhi ya bodi (ground, upande hasi wa umeme). Si hitilafu, antena nyingi za umbo hilo zina mguu mmoja ardhini. Ukishakata, upande wa antena ya zamani usiwe na mawasiliano tena na pedi yako.

Waya wa kati wa kebo uende kwenye pedi, na wavu wake uende kwenye ardhi iliyo karibu kabisa. Sehemu ya waya wa kati iliyo wazi isizidi mm 2 au 3. Kwenye GHz 2.4 robo ya wimbi ni mm 31 tu, kwa hiyo sentimita moja ya waya uliovuliwa tayari ni theluthi ya antena na itavuruga kila kitu. Kabla ya kulehemu, pima kebo yenyewe: kati na wavu visigusane.

Kebo iliyomo ndani ya ganda huwa ya mm 1.13, ambayo hupoteza takriban dB 3 kwa mita, kwa hiyo sentimita 15 zinatosha na hasara yake ni nusu dB. Ipitishe mbali na koili ya kushusha umeme na mbali na utepe wa lenzi, la sivyo kelele za huko zitaingia kwenye redio. Mwisho wake uwe tundu la SMA (kiunganishi kidogo cha antena chenye nyuzi za kukazia) lililofungwa kwenye ganda, tobo la mm 6.5. Antena yenyewe usiining'inize kwenye kamera. Uzito na mtikisiko vitatia picha ukungu, na siku ya jua kali gundi ya kishikio itaachia.

Kutoka kwenye ganda hadi paani tumia kebo ya aina ya LMR-200, inayopoteza kama dB 0.55 kwa mita. Ni nene na haipindi kirahisi. Ukishindwa kuipitisha, RG316 isiyozidi mita moja na nusu. Gharama ya mita 2 ni kama dB 1 kwa LMR-200, na dB 4 kwa RG174. Kwa antena ya dBi 3, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupata na kupoteza. Usiibane kebo kwenye ukingo wa mlango hadi ikabonyea. Umbo likibadilika, ohm 50 zimekwenda. Kwenye nguzo ya pembeni ya kioo, kama kuna mfuko wa hewa wa usalama, kebo ipite nyuma ya mfuko, isikatize mbele yake.

Vichwa vya antena vina mtego mwingine: SMA na RP-SMA. Nyuzi ni zilezile na vitafungana, lakini cha aina moja na cha aina nyingine vikikutana huenda vyote viwili havina sindano katikati, na hakuna mawimbi yanayopita. Au vyote viwili vina sindano, na zinagongana na kupinda. Antena za Wi-Fi kwa kawaida ni RP-SMA. Tazama ndani kwa macho kabla ya kukaza.

Juu ya paa la chuma, antena fupi ya sumaku ya robo wimbi hufanya kazi vizuri kwa sababu inatumia bati la paa kama nusu yake ya pili. Paa la kioo, plastiki au alumini halishiki sumaku, na la kioo au plastiki halina hiyo nusu ya pili. Hapo chukua antena ya nusu wimbi inayojitegemea. Isimame wima. Ikilazwa juu ya bati, imezimwa.

Ganda likifungwa, kaza kebo isivutike kwa silikoni isiyonuka siki au kwa gundi ya epoksi. Ile gundi ya kuyeyusha kwa joto italainika, kwani nyuma ya kioo cha mbele juani joto hupanda hadi nyuzi 70 na kuendelea, na silikoni yenye harufu ya siki hula shaba.

Usiwashe kamera antena ikiwa haijafungwa. Baada ya kufunga, rudia vipimo vyako palepale ulipopimia mwanzo. Namba ikiwa imeshuka badala ya kupanda, karibu kila mara ni mojawapo ya matatu: antena ya zamani haijakatwa, SMA na RP-SMA zimechanganywa, au kisahani cha U.FL hakijaingia vizuri. Namba ikipanda lakini kamera inapotea gari likizimwa, tatizo si redio. Nyingi huzima Wi-Fi zikiingia hali ya kuegesha ili kulinda betri ya gari, na hilo hubadilishwa kwenye mipangilio.

Halafu badilisha nywila. Kamera nyingi hutoka kiwandani na 12345678, na sasa mtandao wako unasikika hadi nje ya uzio.